Tiketi ya Milano haimpi mtoto uraia

Kusi likianza, Aprili kuingia Mei, Wataliano wengi wa Malindi hufunga nyumba zao za Casuarina na Mayungu, huwaachia walinzi funguo na kurudi kwao hadi kaskazi. Wakati huohuo maswali ya viza huongezeka mitaani Maweni na Muyeye. Binti ana mimba ya miezi mitano, baba wa mtoto ni mmoja wa hao walioondoka, na nyumba nzima inabishana: azalie hapa au amfuate? Shangazi ana lake, jirani ana lake, na kijana wa saiba anayejaza fomu ana mengi kuliko wote. Kauli inayoshinda mabishano huwa ni hii: "Akizalia kule, mtoto anakuwa Mtaliano."

Hawi. Au tuseme anaweza kuwa, ila si kwa sababu amezaliwa kule. Na kwa kuwa kauli hii imeshawafanya watu wauze viwanja na kukopa kwa chama, inafaa kuipasua tuone ndani kuna nini.

Sheria ya uraia ya Italia, namba 91 ya tarehe 5 Februari 1992, inafuata damu. Kwa kawaida mtoto ni Mtaliano ikiwa baba au mama yake ni Mtaliano, awe amezaliwa Roma, Malindi au ndani ya jahazi katikati ya bahari. Mtoto wa wageni wawili aliyezaliwa Milano hapati uraia kwa kuzaliwa huko. Anatakiwa aishi Italia kihalali bila kukatiza mpaka afikishe miaka 18, kisha atoe ombi ndani ya mwaka mmoja. Vijana wa Kiafrika waliosoma huko tangu chekechea bado wanahesabiwa wageni kwa utaratibu huo, na hata kura ya maoni ya Juni 2025, iliyotaka miaka ya ukaazi kwa mgeni anayeomba uraia ipunguzwe kutoka 10 hadi 5, iliangukia pembeni kwa sababu wapiga kura hawakufika nusu.

Kwa hiyo binti wa Malindi aliyebeba mimba ya Mtaliano hahitaji kupanda ndege kwa ajili ya uraia wa mtoto. Akijifungulia hospitali ya hapahapa, mbele ya mkunga anayemjua mamake, haki ya mtoto ni ileile. Anachohitaji ni sahihi ya baba, na hapo ndipo mambo yanapokuwa mazito, maana sahihi ni ngumu kupata kuliko tiketi. Nimeona wanaume wasiokuwa na shida ya kutuma euro 1,000 za nauli wakapotea kabisa walipoombwa waende kwa afisa kuandika kwamba mtoto ni wao.

Ikiwa wawili hao wameoana, na ndoa yao imeandikishwa kwenye halmashauri ya mume huko Italia, sheria inamchukulia mume kuwa baba. Hili linahusu pia ndoa ya kwa kadhi, mradi cheti kipo, kimetafsiriwa Kitaliano na kupitia ubalozini. Wengi wetu hatufiki hapo. Nikaha inasomwa, biriani inaliwa, bwana anasilimu na kupewa jina jipya, na karatasi inabaki ndani ya sanduku la bibi. Kwa Italia, mwanamume huyo bado ni kapera, au vibaya zaidi, bado ni mume wa mtu mwingine kule kwao.

Kama hawakuoana, baba lazima amtambue mtoto kwa kutamka mwenyewe mbele ya afisa wa serikali. Hapa kwetu, mpaka 2016, kifungu cha 12 cha sheria ya kuandikisha vizazi na vifo kilizuia jina la baba asiyeoa kuingia kwenye cheti bila yeye kukubali, ndipo Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu akakitangaza kuwa kinyume cha katiba. Ulikuwa uamuzi mwema kwa watoto wa Kenya. Lakini mama akiandikisha jina la baba peke yake, Italia haihesabu kwamba baba ametamka. Watu wanachanganya mambo haya mawili, wanapeleka cheti ubalozini, wanarudishwa, halafu wanasema wazungu wana ubaguzi. Ubaguzi upo, sikatai, ila safari hii wamerudishwa kwa sababu karatasi haina sauti ya baba.

Baba akishamtambua, hakuna tena mtoto wa ndani na mtoto wa nje. Sheria namba 219 ya Desemba 2012 ilifuta tofauti hiyo Italia: watoto wote wana hadhi moja, urithi ukiwemo. Pengine hii ndiyo sababu ya wino kukauka kwenye kalamu za baadhi ya mabwana.

Kuna watu wachache Malindi ambao kwao mahali pa kuzaliwa pana uzito, na haki inataka niwataje. Wataliano walianza kuja huku kwa wingi miaka ya sitini, na mradi wa San Marco pale Ngomeni, uliorusha setilaiti mwaka 1967, ulikuwa mlango mmojawapo. Leo kuna wajukuu wa kizazi hicho waliozaliwa na kukulia hapa, wenye pasipoti mbili. Machi 2025 serikali ya Italia ilibana sheria kwa amri iliyothibitishwa na Bunge lao kuwa sheria namba 74 ya mwezi Mei. Sasa aliyezaliwa nje ya Italia akiwa na uraia mwingine anahitaji mzazi au babu mwenye uraia wa Italia peke yake, au mzazi aliyeishi Italia miaka miwili mfululizo kabla ya yeye kuzaliwa, baada ya kuwa raia. Mtaliano aliyekulia Torino na kuhamia Malindi hana wasiwasi. Ila kijana wa Malindi mwenye pasipoti mbili, ambaye hajawahi kuishi Italia na ambaye babake naye alichukua uraia wa Kenya, mtoto wake akizaliwa hapa anaweza kukosa. Masharti hayo mapya yanawabana waliozaliwa nje tu. Kwa familia kama hiyo, tiketi ya Milano inaweza kuwa na maana. Ni familia chache, na kwa kawaida zina wakili tayari.

Sasa tuje kwenye pesa, maana uraia ukiwekwa kando bado kuna wanaotaka kuzalia Ulaya kwa sababu ya hospitali nzuri.

Mama mmoja alinionyesha karatasi za bima ya bintiye, zilizonunuliwa kwa ajili ya viza ya Schengen. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na herufi nene na kiasi cha euro 30,000, kile cha chini kinachotakiwa na kanuni za viza za Ulaya. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, hizi si zinatosha kuzalia hata mapacha?" Tukafungua kurasa za nyuma, zile zenye maandishi ya kumtoa mtu machozi. Kipengele cha mambo yasiyolipwa kilikuwa kirefu: michezo ya hatari, ulevi, maradhi ya zamani, na katikati yake, kwa mstari mmoja tu, ujauzito na kujifungua, isipokuwa dharura inayohatarisha maisha kabla ya wiki iliyotajwa. Binti angesafiri akiwa ameshaipita wiki hiyo. Bima ile ingemtibu akivunjika mguu kwenye ngazi za treni, lakini uchungu ukimshika, bili ni yake. Wakala aliyewauzia hakusema uongo. Hakuulizwa, naye akanyamaza.

Wapo wanaobisha kwamba Italia kuzaa ni bure, "fulani alizalia kule hakulipa kitu". Huenda ni kweli kwa huyo fulani. Kifungu cha 35 cha sheria yao ya uhamiaji ya 1998 kinalinda ujauzito na uzazi hata kwa asiye na kibali, na kifungu cha 19 kinakataza mwanamke mjamzito kufukuzwa nchini mpaka miezi sita ipite baada ya kujifungua. Lakini huo ni mlango wa asiye na karatasi. Aliyeingia na viza ya matembezi yenye uhai anahesabiwa mgeni mwenye bima na mfuko wake mwenyewe. Hospitali haitamwacha azalie mlangoni, itampokea, kisha itaandika ankara kwa bei kamili ya mkoa. Wajanja husema basi viza iachwe iishe. Sawa, ila ajue anachokinunua: kibali cha muda kwa sababu ya matibabu, na rekodi ya kupitiliza siku 90 za viza ambayo ataikuta mezani atakapoomba viza tena.

Uingereza ni wazi zaidi, na ni kali zaidi. Tangu tarehe 1 Januari 1983 kuzaliwa London hakumpi mtoto uraia ikiwa wazazi wote ni wageni wa kupita. Lazima mmoja awe raia au mwenye ukaazi wa kudumu. Huduma ya uzazi haiwezi kunyimwa wala kucheleweshwa kwa sababu ya pesa, hilo wamelisimamia. Lakini mgeni anatozwa asilimia 150 ya gharama ya kawaida ya NHS, huduma yao ya afya ya umma, na deni la pauni 500 au zaidi likikaa miezi miwili bila kulipwa linaweza kupelekwa kwa watu wa uhamiaji na kuwa sababu ya kukataliwa viza siku za mbele. Kwa maneno mengine unalipa maelfu ya pauni, na mtoto anarudi na cheti cha kuzaliwa kinachosomeka vizuri tu.

Marekani ndiko kwenye uvumi wenye mizizi. Marekebisho ya 14 ya katiba yao, ya 1868, yaliandikwa baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe ili watumwa walioachwa huru na watoto wao wasinyimwe uraia. Mwaka 1898 Mahakama ya Juu ikatumia maneno hayo kumtambua Wong Kim Ark, aliyezaliwa San Francisco kwa wazazi Wachina, kuwa raia. Tangu hapo kuzaliwa kwenye ardhi yao kumekuwa uraia, na ndiyo maana wenye uwezo kutoka Lagos, Nairobi na Shanghai wameenda kujifungulia huko. Mlango umeanza kusukumwa. Januari 2020 kanuni mpya ya viza za matembezi ilisema kwamba kusafiri kwa lengo kuu la kumzalia mtoto uraia si matembezi, na konsula akishuku hivyo anaweza kukataa. Tarehe 20 Januari 2025, siku ya kuapishwa kwake, Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kuwanyima uraia watoto wa akina mama walioko nchini kwa muda tu, kama baba naye si raia wala mkaazi wa kudumu. Majaji wa majimbo mbalimbali waliizuia na mvutano ukafika Mahakama ya Juu. Mtu anayepanga mimba yake kwa kufuata kesi ya Washington anacheza kamari, na anayecheza kamari hiyo hapa Malindi kwa kawaida si tajiri.

Hesabu yenyewe je? KFF, taasisi ya Marekani ya utafiti wa afya, ilikadiria mwaka 2022 kwamba ujauzito, kujifungua na matunzo ya baadaye hugharimu wastani wa karibu dola 19,000 kwa mwenye bima ya kazini ya mwajiri mkubwa, zaidi ya shilingi milioni mbili zetu. Hiyo ni bei iliyojadiliwa na kampuni ya bima. Mgeni hana wa kumjadilia. Tangu 1986 sheria inazilazimisha hospitali zenye vyumba vya dharura kumhudumia mwanamke mwenye uchungu bila kuuliza pesa kwanza, lakini haizizuii kumtumia bili nyumbani. Na yote hayo ni kama mtoto amefika kwa wakati wake. Safari ndefu, kukaa saa nyingi, presha ya uwanja wa ndege. Mashirika mengi hudai barua ya daktari baada ya wiki ya 28 na hayambebi mjamzito kuanzia wiki ya 36, kwa hiyo wanaokwenda kuzaa lazima waondoke mapema na kusubiri. Mtoto njiti akizaliwa katika kusubiri huko, analazwa kwenye mashine kwa wiki kadhaa, na chumba kile huhesabiwa kwa siku. Hapo ndipo familia hugundua kwamba kiwanja kimoja hakikutosha.

Na faida inayotarajiwa huja polepole mno. Mtoto Mmarekani hawezi kumwombea mzazi wake ukaazi mpaka afikishe miaka 21. Pia Marekani ni miongoni mwa nchi chache mno zinazodai kodi kwa uraia na si kwa makazi. Mtoto wa Malindi mwenye pasipoti ile, akiwa mkubwa na duka lake la vitenge, atatakiwa kujaza fomu za kodi za Marekani hata kama hajakanyaga huko tangu atoke wodini. Wazazi hawaambiwi hili na wale wanaowapongeza.

Mimi linaloniudhi si tamaa ya kumtafutia mtoto njia. Mzazi gani hataki? Linaloniudhi ni jinsi tunavyoudharau uraia wa hapa, kana kwamba ni kitu cha kuokota, wakati majirani zetu wameunyimwa kwa vizazi. Wapemba wanaovua kwenye pwani hii ya Kilifi na Kwale walizaa hapa, wakazika hapa, watoto wao wakamaliza shule wakakosa kitambulisho, kwa sababu babu alitoka Pemba kwa mashua. Serikali iliwatambua rasmi mwaka 2023. Kuzaliwa Kenya peke yake hakukuwatosha, na hata leo hakutoshi: mtalii akijifungulia Malindi anapewa cheti cha kuzaliwa cha Kenya, lakini mtoto wake si Mkenya.

Sheria yetu nayo inafuata damu, na tangu 2010 inafuata damu ya mama pia. Kifungu cha 14 cha katiba kinasema mtoto ni raia kwa kuzaliwa ikiwa mama au baba yake ni raia, awe amezaliwa ndani au nje ya nchi, na kinawagusa hata waliozaliwa kabla ya katiba hiyo. Kabla ya hapo, mwanamke Mkenya aliyejifungulia nje kwa baba mgeni hakuweza kumrithisha mtoto uraia. Kifungu cha 16 kinaruhusu uraia wa nchi mbili, na sheria ya uraia ya 2011 inataka uraia wa pili utangazwe ndani ya miezi mitatu. Watu wanaupuuza utangazaji huo na kuukumbuka siku mtoto anaenda kuchukua kitambulisho.

Ubaya wa kutokuwa na karatasi unaonekana zaidi Uarabuni kuliko Ulaya. Wapo dada zetu wa Pwani waliokwenda Saudia kwa kazi za nyumbani, wakazaa bila cheti cha ndoa, na kule bila cheti cha ndoa kuandikisha kizazi ni mtihani. Kwa katiba yetu watoto hao ni Wakenya tangu pumzi ya kwanza. Lakini bila cheti hakuna pasipoti, na bila pasipoti hakuna ndege ya kurudi. Ubalozi usiojua kuwaandikisha watoto wa raia wake una kazi gani nyingine?

Tukirudi kwa Mtaliano wetu, ushauri wangu kwa familia ni pesa za nauli zibaki hapa. SHA, mamlaka yetu ya bima ya afya, hulipa hospitali Sh10,000 kwa kuzaa kwa kawaida na Sh30,000 kwa upasuaji, mradi mama amejisajili na mchango umelipwa. Kitakachozidi kinaweza kutoka kwenye zile za tiketi. Baki yake iende kwa wakili na mtafsiri. Baba atakiwe asaini mapema, kabla hajafunga nyumba. Picha za harusi, meseji, risiti za pesa alizotuma na nakala ya pasipoti yake viwekwe pamoja, kwa sababu asiyekuwepo na lake halipo, na mtoto ndiye asiyekuwepo wakati wakubwa wanaahidiana.

Baba akikataa kumtambua mtoto, bado hajamaliza. Mahakama ya Italia inaweza kutangaza ubaba kwa ushahidi wa kila aina, DNA ikiwemo, na jaji anaruhusiwa kuhesabu kukataa kwake kutoa damu kama ushahidi. Mama anaweza kufungua kesi kwa niaba ya mtoto, na ni bora ifunguliwe mtoto akiwa chini ya miaka 18, kwani uraia humfuata moja kwa moja hukumu ikitolewa katika umri huo. Baada ya hapo itabidi auombe mwenyewe ndani ya muda uliowekwa. Haki ya mtoto mwenyewe kudai babake haina mwisho wa muda. Bwana akifa kabla ya kusaini, kesi hufunguliwa dhidi ya warithi wake.